Popo Darini: Namna ya Kuwatoa Bila Kuwaua na Bila Kuwafungia Ndani

Maswali ni yale yale kila msimu. "Nipulize dawa gani?" "Nafthalini inafaa?" "Nimeziba matundu yote mchana, sasa nyumba inanuka, nifanyeje?" Jibu fupi ni kwamba hakuna dawa. Popo hutolewa kwa kufungiwa njia, na njia hufungwa kwa mpangilio. Ukiuvuruga mpangilio utabaki na mizoga juu ya kitanda chako. Hapa nimeuweka wote pamoja, kwa nyumba ya kawaida ya kwetu: kuta za tofali, kenchi za mbao, paa la bati, dari ya silingi bodi au jipsamu. Vigae na makuti nitavigusia baadaye.

Na kwa wale wanaouliza kama popo hao wametumwa na mtu: wametumwa na fundi aliyeacha mwanya kati ya bati na fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Usipoteze hela kwa mganga, mtafute fundi.

Hakikisha kwanza ni popo

Popo wa darini si wale wakubwa wa mwembeni. Wale wala matunda hulala mitini, na wengine mapangoni. Wanaoishi chini ya bati ni wadogo, wanakula wadudu, na wengi wao mkia umechomoza nje ya ngozi ya mabawa. Joto la bati unalodhani litawafukuza ndilo lililowaleta. Wapo wanaovumilia zaidi ya nyuzi 40 mchana kutwa bila kuhama.

Kuwatofautisha na panya si kazi. Panya hukimbiakimbia usiku kucha. Popo huanza kulia na kusukumana jua linapozama, halafu kunatulia, kisha kelele zinarudi alfajiri. Kinyesi cha wote wawili ni kidogo kama punje ya mchele, lakini cha panya ni kigumu, na cha popo ukikibonyeza kwa kijiti kinasagika kuwa unga wenye vipande vinavyometameta, ambavyo ni mabawa na maganda ya wadudu. Tumia kijiti, si kidole. Tazama pia ukuta wa nje chini ya paa: palipo na doa la kahawia lenye mafuta na vinyesi vimenasa ukutani, juu yake kuna mlango wao.

Usianze wakati wana watoto

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote. Popo wa darini huku kwetu wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na mara nyingi uzazi hufuata mvua, kwa kuwa ndipo wadudu wanapokuwa wengi. Mtoto wa popo huzaliwa hana manyoya wala hawezi kuruka, na mama humwacha darini anapokwenda kuwinda. Ukifunga njia kipindi hicho, mama hubaki nje wakizunguka paa, na watoto hutambaa wakitafuta chakula, wanaangukia chumbani kupitia tundu la taa au wanafia juu.

Kwa pwani na maeneo yenye masika na vuli, kipindi cha kulenga ni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari kabla mvua hazijaanza. Lakini usitegemee kalenda peke yake. Fanya jaribio hili: popo wakishatoka jioni, subiri hadi kama saa 2 usiku nyumba ikiwa kimya, redio imezimwa, kisha sikiliza chini ya dari. Ukisikia vilio vyembamba vinaendelea wakati wakubwa wametoka, kuna watoto. Ahirisha kwa mwezi mmoja na nusu hadi miwili, kisha sikiliza tena.

Najua hakuna anayependa kuambiwa asubiri miezi miwili na harufu ile. Harufu ya popo hai inavumilika kuliko ya popo waliooza.

Vitu vya kuandaa

- Barakoa ya kuchuja vumbi, aina ya N95 au FFP2. Ya kitambaa haitoshi.
- Glavu nene za ngozi za kushikia popo, na za mpira za kufanyia usafi.
- Miwani ya kazi, nguo za mikono mirefu, na kofia.
- Ngazi imara na mtu wa kuishika.
- Tochi ya kuvaa kichwani.
- Neti ya kivuli, ile inayotumika kwenye vitalu vya miche. Usichukue chandarua: ni laini mno, kucha za popo hunasa.
- Bomba la plastiki la inchi 2, vipande vya sentimita 25 hivi.
- Wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, au wavu wa mbu wa aluminiamu. Wavu wa kuku haufai kabisa, popo anapita.
- Sponji za mawimbi ya bati, zile zinazokatwa kufuata umbo la bati, pamoja na saruji, mchanga na silikoni.
- Pampu ya mgongoni ya kupulizia, iliyo safi, haijawahi kubeba sumu ya shambani.
- Salfeti na mifuko mizito ya plastiki.

Kama paa au dari yako ni ya asbesto, na nyumba nyingi za zamani za mashirika na za serikali ni hivyo, usikate, usitoboe, usikwangue. Vumbi la asbesto ni baya kuliko popo wote. Tafuta wataalamu wa kazi hiyo.

Hatua 1: Kaa nje utazame

Kuanzia saa 12 jioni weka watu pande zote za nyumba, angalau mtu mmoja kila kona kuta mbili zinapokutana. Chagueni jioni isiyo na mvua. Popo wengi hutoka kati ya jua kuzama na giza kuingia kabisa, kwa hiyo muda wa saa moja na nusu unatosha. Kila mtu aandike wametokea wapi na wangapi kwa makadirio. Rudieni jioni ya pili.

Usiikimbilie hatua hii hata ukiona ni kukaa tu. Fundi anayepanda moja kwa moja kuziba bila kutazama atafunga palipo wazi machoni pake, na popo anatumia kwingine.

Hatua 2: Kagua paa mchana

Zunguka na ngazi. Popo mdogo anahitaji mwanya wa kama sentimita moja na nusu, na wengine hupita palipo pembamba zaidi. Kipimo changu ni kidole kidogo: kinapoingia, panazibwa. Sehemu za kutazama ni hizi:

- Mawimbi ya bati yanapokutana na fisha bodi. Kila wimbi ni mlango, na nyumba moja ina mamia.
- Chini ya kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele, hasa kwenye ncha zake mbili.
- Juu ya ukuta ambapo fundi hakujaza zege kati ya kenchi.
- Matundu ya hewa yasiyo na wavu, au yenye wavu uliooza.
- Mabati yanapopandana, misumari ikiwa imelegea.
- Mahali nyaya za umeme na bomba la maji vinapoingilia.

Hatua 3: Ziba kila kitu isipokuwa milango yao mikuu

Sasa ziba mianya yote ambayo hukuona popo akitoka. Acha wazi ile miwili au mitatu waliyoitumia zaidi. Kwenye mawimbi ya bati sukuma sponji au wavu uliokunjwa, kwenye ukuta jaza saruji, kwenye mipasuko midogo weka silikoni.

Kwenye matundu ya hewa weka wavu, usijaze saruji. Dari isiyopumua chini ya bati hufukuta mchana, na usiku wa baridi bati hutoa jasho linalolowesha mbao. Nimeona watu wakifunga kila kitu kwa hasira, halafu jipsamu inaota ukungu.

Povu la kupulizia ni rahisi na linavutia, ila usilitumie mahali popo bado wanapita, kwa kuwa humganda mwilini kabla halijakauka. Panya nao hulitafuna. Likitumika, liwekewe wavu wa chuma mbele.

Hatua 4: Weka mlango wa kutokea tu

Hapa ndipo kazi ilipo. Popo akitoka anajidondosha kwenda chini, ndipo anashika hewa. Akirudi anatua karibu kabisa na tundu na kutambaa kuingia. Tunautumia mwendo huo huo dhidi yake.

*Kwa mwanya ulio ukutani au kwenye fisha bodi:* kata kipande cha neti ya kivuli kinachozidi mwanya kwa sentimita 30 kila upande, na kinachoshuka chini yake sentimita 50 hadi 60. Kipigilie juu na pembeni zote mbili. Chini kiache wazi. Kisivutwe kikakaza, kiache kijitokeze kidogo ili popo ateremke kati ya ukuta na neti na kutokea chini. Akirudi atatua juu ya neti, usawa wa tundu analolijua, na hatapata pa kuingilia.

*Kwa tundu la mviringo au ncha ya kofia ya paa:* tumia bomba. Lielekeze chini kidogo, mdomo wa ndani uwe sawa na tundu bila kuchomoza ndani ya dari, kisha ziba pembeni kwa sponji. Kwenye mdomo wa nje funga mfuko laini wa nailoni uliokatwa kitako, uning'inie sentimita 20 hivi. Popo akitoka anausukuma. Akishatoka unajifunga kwa uzito wake. Ndani ya bomba pawe laini, asipate pa kushika kucha. Ukilikwaruza kwa msumeno, umemtengenezea ngazi.

Hatua 5: Acha usiku 5 hadi 7

Siyo popo wote wanaotoka kila usiku. Usiku wa mvua kubwa wengine hubaki ndani, kwa hiyo usiuhesabu. Kila jioni kaa nje nusu saa. Siku za kwanza utaona wengi wakitoka, na alfajiri utawaona wakizunguka paa wakitafuta njia. Wakipata upenyo mpya, uzibe kesho yake na uanze kuhesabu upya.

Mjulishe jirani. Popo waliofukuzwa kwako wanaweza kuhamia kwake, na ni vyema aambiwe mapema azibe mianya yake kabla hajaja kugonga mlango.

Hatua 6: Funga milango ya mwisho

Jioni mbili mfululizo zikipita bila hata popo mmoja kutoka, na ukisikiliza darini ni kimya, toa neti na mabomba, ziba matundu hayo siku hiyo hiyo. Usiseme "nitamalizia Jumamosi". Popo hukumbuka makazi yao.

Hatua 7: Safisha

Usafi unakuja mwisho, si mwanzo. Anayesafisha kwanza huchafuliwa upya.

Kinyesi kikavu cha popo kinaweza kuwa na vimelea vya kuvu aina ya Histoplasma. Vumbi likivutwa, kuvu huingia mapafuni na kuleta homa, kikohozi na maumivu ya kifua siku kadhaa hadi wiki mbili na zaidi baadaye. Dalili zake hufanana na kifua kikuu, kwa hiyo ukiugua baada ya kazi hii mwambie daktari ulikuwa unasafisha kinyesi cha popo. Mwenye pumu, mjamzito, mtoto, mzee, au mtu ambaye kinga yake imeshuka asipande darini kabisa.

Utaratibu wake:

1. Zima umeme kwenye swichi kuu. Anza asubuhi na mapema, kabla bati halijapata moto.
2. Vaa barakoa, miwani na glavu kabla ya kufungua mlango wa dari.
3. Kanyaga kenchi tu. Silingi bodi na jipsamu havibebi mtu, na mzigo wa kinyesi na mkojo umekwisha kuvilegeza.
4. Lowesha kinyesi kwa pampu: maji na sabuni kidogo, manyunyu mepesi. Subiri yaingie. Ukimwaga maji kwa ndoo dari itakushukia.
5. Kusanya kwa koleo la plastiki, weka kwenye mfuko, funga, kisha ingiza kwenye salfeti. Usifagie pakavu, na usitumie mashine ya kunyonya vumbi ya ndani ya nyumba.
6. Futa mbao kwa maji ya jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa. Kinyesi kiondolewe kwanza, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya usafi. Acha hewa ipite.
7. Fukia mabaki mbali na kisima. Ni mbolea nzuri, lakini iozeshwe kwanza kwenye shimo la mboji, isimwagwe mbichi kwenye mchicha.

Dari iliyolowa mkojo hadi ikapinda haisafishiki. Itoe, weka mpya.

Kama unavuna maji ya mvua, safisha pia mifereji. Kinyesi kilicho juu ya bati huingia moja kwa moja kwenye tenki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike nje, na maji ya kunywa yachemshwe.

Akiingia chumbani, na akiuma

Funga milango ya vyumba vingine, fungua madirisha, zima taa, toka nje ya chumba. Mara nyingi atatoka mwenyewe. Akitua ukutani, vaa glavu za ngozi, mfunike kwa kopo, pitisha karatasi ngumu nyuma yake, kisha mpeleke nje na umwache mahali pa juu, kwenye mti au ukuta. Wengi wa hawa wa darini hushindwa kuruka kutoka chini.

Usimshike kwa mkono mtupu. Akikuuma au kukukwaruza, hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uelezee habari ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Popo wa Afrika hubeba virusi vya jamii hiyo. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa puani na popo akiwa Kenya. Mikwaruzo ilikuwa midogo, hakupata chanjo, na aliporudi kwao aliugua akafariki. Ukimkuta popo kwenye chumba alichokuwa amelala mtoto mchanga au mlevi, mtu asiyeweza kueleza kilichotokea, nenda hospitali pia.

Vitu vya kuacha

Sumu: popo hufia kwenye mapengo usiyoyafikia, wengine huanguka uani wakiwa hai na kuokotwa na watoto.

Moshi na pilipili za kuchoma: mbao kavu, nyaya za umeme na moto chini ya bati. Sihitaji kueleza zaidi.

Nafthalini: ili iwashinde popo kwenye dari yenye hewa ingehitajika nyingi kiasi cha kukudhuru wewe uliyelala chini yake.

Vifaa vya mlio usiosikika: usinunue.

Taa ya kuwaka usiku kucha darini huwasumbua kwa siku chache, nao husogea upande wenye giza. Bili ya umeme inabaki kwako.

Vigae na makuti

Paa la vigae lina mianya kila kigae kinapopandana, kwa hiyo kuziba mmoja mmoja ni kazi isiyoisha. Milango ya kutokea huwekwa vile vile, lakini kinga ya kudumu ni utando au wavu uliotandazwa chini ya vigae, na hilo hufanyika paa likifumuliwa. Ukiwa bado unajenga, uweke sasa. Makuti hayazibiki. Tandaza wavu upande wa ndani uwatenge na vyumba, halafu ukubali kuishi nao huko juu.

Mambo yakienda kombo

*Usiku wa 7 umepita na bado wanatoka.* Kuna tundu hukuliona. Kaa nje alfajiri, kuanzia saa 10 na nusu, utazame wanakoingilia. Kuingia huonekana vizuri kuliko kutoka, maana hutua na kurudiarudia.

*Neti imewekwa lakini hakuna anayetoka, na kelele zipo.* Imekaza mno au imefunga chini. Ilegeze jioni hiyo hiyo.

*Nimeshaziba mchana, sasa wanalia ndani.* Fungua tundu moja kubwa leo kabla ya jua kuzama. Waache watoke, kisha rudi Hatua ya 4.

*Watoto wa popo wanaanguka chumbani.* Ulianza kipindi kibaya. Toa neti zote, warudishe darini kwa glavu, mama waingie, na usubiri wakue.

*Harufu ya uozo.* Fuata nzi, watakuonyesha. Fungua hapo, toa mizoga kwa glavu na barakoa, futa kwa maji ya jiki.

*Popo wameondoka, sasa tunaumwa usiku.* Huenda ni kunguni wa popo, waliokosa wenyeji wao na kushuka kwako. Ziba mipasuko ya dari na matundu ya taa, fua matandiko kwa maji ya moto, na mwite mpuliza dawa anayejua kunguni. Hapa, kwa mara ya kwanza, dawa ina kazi.

*Wamerudi mwaka uliofuata.* Bati husinyaa na kutanuka, misumari hulegea, sponji huliwa na jua. Kagua paa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, siku ile ile unayosafisha mifereji.